Tairi Nimezitoboa, na Bado Anataka Kupanda

Shangazi Nuala mpendwa, naomba msaada wako maana nimeshika kichwa, majina nimeyabadilisha ingawa wa hapa kijijini watatutambua kwa hiyo baiskeli, na shule niliacha mapema kwa hiyo nivumilie nikienda mbele na kurudi nyuma.

Mwanangu Lorcan ana miaka thelathini na mbili, bado yuko kwangu, ni dereva wa lori la maziwa, anapita mashambani kukusanya, na ni mtoto mzuri sana wala hanywi kupita kiasi. Sasa wiki ya Pasaka tulikuwa mezani tunakula mayai, nikaona macho yamegeuka, akaanguka chini anatetemeka na kijiko kimo mkononi, nikapiga magoti nikamshika kichwa huku naita watakatifu wote ninaowajua, alipozinduka akasema, "Nimeteleza tu, mama." Mtu anatelezaje akiwa amekaa kwenye kiti? Juzi juzi akaanguka tena, zizini, nikimwona. Habari ya kwenda kwa daktari hataki hata kuisikia, na ameniapisha nisimwambie mtu.

Ndipo ikaja hii safari ya baiskeli. Parokia yetu ina mtawa wake, Sista Attracta, yuko Malawi miaka mingi, upepo umeezua paa la zahanati yake na kina mama wanajifungulia chini ya turubai, kwa hiyo vijana wataendesha baiskeli kuvuka milima mpaka baharini na watu watawachangia. Jambo jema, mimi mwenyewe nimelilia lile turubai. Lakini Jumapili baada ya Misa padri akasoma majina ya waendeshaji, na la Lorcan limo! Na wewe unajua, jina likishasomwa altareni ukajitoa, utasemwa mpaka siku ya kuzikwa. Pale nje jirani yetu Packie akamwambia, "Lorcan wee, hiyo baiskeli imeanza kulia na bado hujaikalia!" Wakacheka, naye akacheka, wakaahidi kumchangia kuliko wote, kisa wanataka kuona hilo tumbo lake kubwa likipanda mlima.

Nyumbani nikamwuliza, una wazimu? Akasema, "Waliniomba mbele za watu, mama. Ningekataa wangeuliza kwa nini. Ningesema kwa nini, lori ndiyo basi tena. Utanilisha wewe?"

Basi nikatoboa tairi kwa sindano yangu ya kushonea soksi. Akaziba. Nikatoboa tena, akaziba. Mara ya tatu sindano ikavunjikia humo, akaja kuweka kipande kando ya sahani yangu. "Mama, tangu lini miiba ya hapa kwetu Mayo ina tundu la uzi?"

Safari ni Jumamosi ijayo. Kila alfajiri akiondoka na lori nalinyunyizia maji ya baraka, namwomba Mungu ampe akili aachane na baiskeli. Nimwambie padri amfute? Nifiche baiskeli? Nikitoa siri hatanisamehe, na nikinyamaza kila nikifumba macho namwona anabingirika mlimani.

Mama wa Sindano, Mayo

Mama wa Sindano,

Pole. Kumshika mwanao anayetetemeka sakafuni, hata kama ana ndevu, hakuna mama anayeyazoea hayo.

Sasa kaa nikugombeze. Barua nzima ni baiskeli, baiskeli, baiskeli. Baiskeli atapanda siku moja, kwa kujikokota, na watu nyuma yake. Lori je? Analiendesha kila siku, peke yake, tangi limejaa, kwenye vijia vile ambavyo watoto husimama kungoja basi la shule. Baiskeli umeitoboa mara tatu. Lori umelinyunyizia maji ya baraka! Mama, umelibariki lile lile litakalomuua yeye na mtoto wa mwenzio.

Fanya hivi. Alfajiri ya kesho amka kabla yake, chukua funguo za lori, tia kwenye mfuko wa aproni yako. Akipiga kelele, mwache apige. Mwambie: "Nimekuona ukianguka mara mbili. Leo twende kwa daktari, ama nakwenda peke yangu kumweleza." Na uende kweli, usiishie kutisha. Mimi si daktari, sijui ana nini. Huenda ana ugonjwa wenye dawa, na siku moja atarudishiwa usukani. Lakini siku hiyo ataitaja daktari, si yeye wala wewe.

Hatakusamehe? Atanuna. Mwekee chai, mwache anune. Bora anune akiwa mezani kwako.

Kuhusu Jumamosi, aende mwenyewe kwa padri aseme ana ugonjwa. Yaani watu wa parokia yako, wanaomlilia mama wa Malawi wasiyemjua, watamcheka kijana wao mgonjwa? Hata huyo Packie atatoa alichoahidi, na akisitasita nitumie anwani yake. Lorcan apande gari la chakula litakalowafuata waendeshaji, dereva awe mtu mwingine, yeye agawe chai na skonzi mpaka baharini. Paa la Sista litaezekwa vile vile.

Na sindano nunua nyingine, ushone soksi. Funguo usizitoe mfukoni, hata akilia.

Shangazi Nuala