Tumbo la Anitha

Mama yangu,

Shikamoo. Baba naye shikamoo, mguu wake unaendeleaje na hizi mvua? Bibi shikamoo, najua yuko hapo karibu anasikiliza. Kaka na wifi hamjambo, na mtoto wenu mchanga ambaye bado sijambeba. Restuta mdogo wangu, hujambo wewe unayesoma. Soma polepole, usiruke. Na Joeli wangu, mwambieni mimi mama yake namuota.

Sisi huku Kawajense ni wazima sasa. Nasema sasa kwa sababu juzi kwenye simu Mama ulisikia "tulilazwa" ukaanza kulia, mtandao ukakata. Na nyuma yako nilimsikia Joeli anakohoa. Tangu hapo sina raha, ndiyo maana naandika.

Mdogo wake Anitha naye alianza na kikohozi hivyo hivyo. Nikamvika sweta mbili, nikamfunga mgongoni, kanga juu, tukaenda hospitali. Njiani akalala. Kwa daktari nikaogopa kumwamsha, nikawa napumua taratibu kama mtu anayenyatia kuku. Daktari ni kijana, mpole. Akasema nigeuke, akatazama mgongoni, akaandika.

"Anapumua vizuri, Mama. Ni mafua tu."

Nikashukuru. Nimeshashika mlango, ndipo akaanza kunieleza dawa anywe vipi. Unanijua Mama, nikiogopa kusahau nabana pumzi. Nikabana. Daktari akabaki anaitazama kanga.

"Mama, hebu pumua. Haya, bana tena."

Sikuelewa, nikafanya. Akacheka kidogo, halafu akaacha kucheka.

"Nimehesabu pumzi zako wewe, Mama. Kanga ikipanda ni wewe, ikishuka ni wewe. Mtoto sijamwona bado. Nisamehe, rudi ukae."

Tukamvua Anitha sweta, akaamka analia kweli kweli. Nikasema mhesabu basi hivyo hivyo, watu wanasubiri. Akasema, "Akilia hesabu inadanganya. Mnyonyeshe, akitulia ndiyo tuanze."

Babu mmoja wa kwenye foleni akachungulia. "Daktari, leo tunalala hapa?"

"Babu yangu, vumilia. Huyu akinyamaza, zamu yako."

"Basi nitamnyamazisha mwenyewe."

Akamwimbia kwa Kipimbwe, sauti kama gari linalokataa kuwaka. Anitha akamshangaa mpaka akasahau kulia, akanyonya, akalala.

Daktari akamlaza kitandani, akamfunua tumbo, akashika saa yake, akatazama dakika nzima. Na mimi nikatazama. Mama, lile tumbo lilikuwa linakwenda kama koo la mjusi ukutani, na mimi siku zote hizo nalifunika kwa nguo nikidhani namtunza. Akahesabu mara ya pili. Akasema ni nimonia, hatuendi nyumbani. Akasema hata wao foleni ikiwa ndefu wanatupa jicho mara moja na kuandika, kumbe mtoto hawakumwona. Sikumkasirikia. Angeweza kuniacha niende zangu, na nisingejua kitu. Namwombea kila siku.

Jirani yangu, yule mama anayeuza dagaa pale soko la Kashaulili, alituletea uji wodini kila asubuhi, na nyanya zangu sokoni akaniuzia pamoja na dagaa zake. Mungu ambariki. Sasa Anitha anataka kushika kijiko mwenyewe, na ameshaning'ata.

Wasalimieni majirani wote wa hapo Usevya, na mama mkwe wangu mwambieni mjukuu wake amepona.

Restuta, hapa soma vizuri. Leo Joeli akilala, asiwe mgongoni kwa mtu wala kifuani kwa Bibi. Mlazeni mkekani, mfunueni tumbo, mtazameni akiwa ametulia. Likienda haraka haraka, au mbavu zikiingia ndani akivuta pumzi, msiningoje mimi wala Baba asiseme kesho. Mpelekeni kituo cha afya muda huo huo, na mwambieni daktari amtazame tumbo likiwa wazi.

Mkipata mtandao pigeni kwa jirani yangu. Msipopata, huyu dereva wa gari la mpunga aliyewaletea barua anageuza kesho. Mpeni jibu, hata mstari mmoja, hata kama Joeli ni mzima. Nitakuwa stendi namngoja kabla hajafika.

Ni mimi binti yenu,
Leokadia