Kifua Inchi Arobaini na Moja

Jumamosi, 5 Agosti 2006 – Kitale

Baba atavaa suti mpya. Amesema dada yangu Nekoye, kwa simu, saa nne asubuhi. Arusi yake ni tarehe 26, Bumula. Ile suti ya zamani haimkai tena. Hakusema kama inabana au inapwaya, nami sikuuliza. Kosa.

Nimepita kwa fundi Waithaka. Anataka mwenye mwili aje. Baba amekataa safari – ati kinachopelekwa kwa fundi ni kitambaa, na yeye si kitambaa. Basi nimepewa tepu na karatasi. "Pima kama mpaka wa shamba," kasema Waithaka. "Ukikosea ni kesi."

Jumapili, 6 Agosti – Bumula

Nimempima baada ya kanisa. Alisimama wima mlangoni, mikono pembeni, kama enzi zake za ualimu mkuu. Sweta hakuvua. Baridi! Mama alikuwa nje akianika mahindi.

"Baridi gani, Mwalimu? Hata kuku wametafuta kivuli."

"Wewe anika, bana. Wacha nipimwe."

Kifua 41. Bega 18. Mkono 25. Kiuno 38. Shingo 14. Kifua alitaka nikisome mara mbili. Akaguna, ameridhika.

Jumanne, 8 Agosti – Kitale

Waithaka ameikataa karatasi. Aliisoma mara moja tu, kalamu sikioni.

"Hii shingo ni ya mtu mmoja, kifua ni cha mwingine. Mzee alivaa nini?"

"Sweta."

"Ngapi?"

Sikujua. Miaka kumi na minane ninaandika habari, nimehesabu magunia na kura, sikuhesabu sweta za baba yangu.

Nikampigia Mama. Akasema: tatu. Moja ni ya Mama mwenyewe, ile ya Umoja wa Akina Mama, Baba aliivaa ndani kabisa. Tangu Juni Baba anakula vijiko vitatu, anasukuma sahani. Hospitali hataki. Alimkataza Mama asituambie mpaka arusi ipite. Nekoye akijua, ataahirisha – na alishaahirisha mara moja, Mama alipovunjika mguu. Baba hataki kuwa sababu ya pili.

Jumatano, 9 Agosti – Kitale

Nimempigia Baba mwenyewe. Nikamwambia fundi anataka vipimo vingine, shati tupu.

"Nani amesema?"

"Shingo."

Akacheka! Kicheko kikaishia kwenye kikohozi. "Huyo fundi wako ni daktari?"

Nikasema hapana, lakini daktari yuko, barabara ya pili kutoka kwa fundi. Tukaanza kupatana kama watu wa soko. Yeye: fundi kwanza. Mimi: daktari kwanza. Yeye: basi usimwambie Nekoye. Mimi: sitamwambia kabla ya daktari kusema kitu. Yeye: "Wangila, wewe ni mtoto mgumu." Mimi: nimefundishwa na mwalimu mkuu. Amekubali kuja Kitale.

Nikamweleza Waithaka; hakuuliza maswali. Atakata kulingana na mwili ulivyo, kasema, ila ataacha inchi mbili ndani ya kila mshono. "Mwili hurudi. Nimeachia wengi."

Nikamuuliza wangapi walirudi. Akatafuta chaki yake, ambayo ilikuwa mkononi.

Ijumaa, 11 Agosti – Kitale

Mama amethibitisha: Baba amepiga pasi shati, amelala mchana ili apate nguvu ya safari. Amekula ugali nusu. Mama amesema nusu. Nimemuuliza mara mbili.

Kesho saa mbili na nusu, daktari. Saa tano, Waithaka.

Saa kumi na moja jioni ujumbe wa Nekoye umeingia. Amesikia Baba anakuja kupimwa. Naye anapanda gari la Kitale kesho asubuhi – anataka kumshikia koti akipimwa, ati ni haki ya bibi arusi. Anauliza saa ngapi, na tukutane wapi.

Nimeandika "saa tano". Sijautuma.