Mkanda wa Paka wa Marehemu

Lushebere, 8 Machi 1953

Mwanangu Verdiane,

Salamu nyingi kwako na kwa mumeo Faustin. Hamjambo huko mgodini? Homa ya msituni imewaacha? Mimi ni mzima, isipokuwa magoti, ambayo kila asubuhi yanalalamika juu ya kilima hiki kama vile mimi ndiye niliyekiweka. Maharage yamechanua vizuri.

Kinachonisumbua ni paka wa marehemu mama yako. Usicheke. Ndiye anayelinda mbegu zangu dhidi ya panya, na jioni hulala palepale mama yako alipopenda kukaa. Kwanza alirudi sikio limechanika. Nikamfunga shingoni mkanda wa ngozi, kwa fundo lile tunalofungia mbuzi, ili kila mtu kilimani ajue ana mwenyewe na asimrushie mawe. Badala ya kupungua, mambo yamezidi. Shingo imechubuka, na jana alikuja akichechemea. Ni majeraha madogo, lakini hayaishi.

Ninayemshuku ni baba yako mdogo, Hakorimana. Mwaka jana alilalamika kwamba paka amekula vifaranga vyake. Na juzi akaniambia, "Kaka, fungula ile mukanda." Kwa nini niufungue, kama si ili paka aonekane hana mwenyewe?

Papa yako,
Kanyamibwa

*

Mubi, 30 Machi 1953

Papa mpenzi,

Nakusalimu kwa heshima. Barua yako imeletwa na dereva wa lori, imelowa pembeni lakini nimeisoma yote. Sisi ni wazima. Faustin anakusalimu. Mvua ya huku hainyeshi, inamwagwa.

Papa, paka dume hupigana. Hata huyu wa dukani hapa Mubi hana sikio zima. Lakini mkanda huo unanitia hofu. Mbuzi unamfunga ukijua alipo, paka hupita kila tundu. Akinaswa mahali, fundo lako halitaachia. Kama unataka alama, mfunge kamba ya mgomba iliyokauka, iwe legevu kidogo, vidole viwili vipite. Akinaswa na kuvuta, itakatika naye aende zake.

Na Baba mdogo, nakuomba umwache. Nilipoolewa ndiye aliyebeba mizigo yangu kwa miguu mpaka huku. Kwa babu mmebaki ninyi wawili tu, Papa. Mkigombana, nani atawapatanisha?

Mtoto wako,
Verdiane

*

Lushebere, 3 Mei 1953

Mwanangu,

Salamu. Mwili ni mzima, moyo hapana. Kuhusu kamba ya mgomba, ikikatika alama itakuwa wapi? Mkanda nimeuacha.

Na sasa nimempata mtu wangu. Jumapili, baada ya sala, Hakorimana alininyooshea mkono anisalimu. Mikono yake yote miwili ilikuwa imechanwa na kucha, tena michubuko mibichi, na asubuhi hiyohiyo paka alikuwa amekuja na damu shingoni. Nikamuuliza palepale, Wakristo wote wakisikia. Akajibu, "Kaka, ni mimi njo namutoshaka mu miiba." Nikasema, eti wewe ndiye unayemtoa miibani? Kilima kizima, na kila mara ni wewe tu unayepita? Watu wakacheka. Nikasema huyu ni mtu anayetesa mnyama wa marehemu kwa sababu ya vifaranga. Nikasema na mengine ambayo huna haja ya kuyasoma.

Tangu siku hiyo nimemnyima moto. Unajua kwamba tangu baba yetu alipokufa, huchukua kaa la moto kwangu kila asubuhi. Alikuja na kigae chake, nikamgeuzia mgongo. Akasimama kidogo, akaondoka. Kesho yake hakuja, na mlango wake umefungwa. Wanasema ameshika njia ya Walikale, ya kuja huko kwenu. Na aende.

Papa yako,
Kanyamibwa

*

Mubi, 24 Mei 1953

Papa,

Nakusalimu, ingawa leo sina nguvu ya salamu ndefu. Baba mdogo yuko hapa kwetu. Alifika miguu imevimba. Kila siku alikuwa anapasua kuni tu, hata zile tusizozihitaji. Jana Faustin alimuuliza waziwazi, naye akaeleza.

Paka wako hupita kwenye uzio wa miiba kati ya shamba lako na lake. Mkanda hunasa kwenye visiki vya matawi, paka anajinyonga na kulia, na Baba mdogo, aliye karibu, hukimbia kumtoa. Paka kwa woga anamchana. Siku nyingine alimkuta ameingiza mguu wa mbele ndani ya mkanda, unamkata kwapani. Nikamuuliza kwa hasira kwa nini hakuukata huo mkanda tangu siku ya kwanza. Akaniangalia kama nimetukana. "Ni kaka njo alifunga," akasema. "Ntafungula namna gani kitu kaka alifunga?" Alikuomba wewe uufungue, Papa. Alikuomba, nawe ukaniandikia kwamba ana hila.

Mtazame paka kwapani. Mimi usiniamini, ila mtazame.

Verdiane

*

Lushebere, 14 Juni 1953

Mwanangu Verdiane,

Sijui nianzeje kuuliza afya zenu. Barua yako imenikuta nimeshaona.

Paka hakulala nyumbani. Asubuhi nikamtafuta, nikamkuta kwenye uzio, hoi, mkanda umenasa, mguu mmoja umepita ndani. Alikuwa amelia mpaka sauti ikaisha. Nani angemsikia? Nyumba ya jirani ni tupu. Nilipomnasua alinichana mikono yote miwili. Nikakaa chini pale kwenye uzio, nikaitazama mikono yangu, nikalia kama mtoto.

Mkanda nimeukata kwa kisu. Kwapani kuna kidonda kirefu, kinanuka, nakiosha kwa maji ya chumvi.

Jumapili nilisimama mbele ya Wakristo walewale, nikawaonyesha mikono. Nikasema mdogo wangu alisema kweli na mimi nilimsingizia. Safari hii hakuna aliyecheka. Mwambie Hakorimana arudi. Mwambie namwomba, ingawa ni mimi mkubwa.

Papa yako,
Kanyamibwa

*

Mubi, 5 Julai 1953

Papa mpenzi,

Nakusalimu, tuko wazima. Nilimsomea Baba mdogo barua yako. Aliniomba nirudie pale ulipoandika juu ya mikono. Kisha akauliza kama paka anakula. Nikamwambia Papa hakuandika.

Akasema, "Umwambie kaka nimesikia." Nikafurahi, nikadhani yameisha. Asubuhi nikamkuta amefunga mzigo wake, anajiunga na wapagazi wanaokwenda Itebero. Nikamshika mkono, nikamuuliza atarudi lini nyumbani.

"Kule batu balicheka," akasema. Akaenda.

Nisamehe, Papa. Sikuweza kumzuia.

Mtoto wako,
Verdiane

*

Lushebere, 20 Julai 1953

Mwanangu,

Salamu kwako na kwa Faustin. Paka anakula, na mguu anaukanyaga. Shingoni hana kitu. Juzi alirudi tena na sikio lina damu, nikamwosha, basi, sikumuuliza mtu. Nimemwachia mjane Sidonie amlishe.

Usimpelekee baba yako mdogo barua yoyote. Hajui kusoma, angesomewa na mgeni, na maneno yangu hayafai kutoka kinywani mwa mgeni. Watu walimcheka kwa sababu yangu, mimi nikiwepo. Kwa hiyo na kumwomba radhi lazima niwepo.

Mihogo mikavu nimeifunga, fimbo nimekata. Naondoka kesho. Nikifika hapo Mubi usinipikie wala usinitandikie. Nionyeshe tu njia ya Itebero.

Papa yako,
Kanyamibwa