Paa la Bi Mkubwa

Jumapili, 3 Machi

Dada yangu mpendwa,

Kabla hujaniuliza hali, jua kwamba unaandikiwa na fundi paa mkubwa kuliko wote waliowahi kushika nyundo bila kufundishwa. Siku hizi hata mvua ikitaka kunyesha hapa kwetu, inanichungulia kwanza. Basi, mimi mzima, mama mzima, kifua chake kimetulia. Wewe je? Cherehani za kiwandani bado zinakushona vidole?

Sasa kaa chini. Yule mtu wako, samahani, yule aliyekuwa mtu wako, Fundi Seremala wa nyuma ya ua, alikuja Ijumaa na ngazi begani. Nikasema moyoni, leo kaja kupiga magoti, uchumba unarudi. Wapi! Kafuata mabati. Alipanda juu ya banda la sungura wako, Bi Mkubwa, akang'oa lile paa alilokutengenezea enzi za mapenzi, msumari mmoja mmoja, na misumari akaitia mfukoni.

Nikamwambia, "Shemeji, hata paa la sungura?"

Akasema, "Mimi si shemeji yako, bwana mdogo. Na bati ni langu."

Akalitia kichwani, akapita katikati ya majirani huku anapiga mluzi. Wengine walicheka, Dada. Walicheka wakitazama mlango wetu.

Bi Mkubwa tumemhamishia jikoni, chini ya meza. Juzi katoka kwa dume, sasa tunangoja watoto, na hasira zimempanda. Keshatafuna ufagio wa mama mpaka umebaki mpini.

Paa jipya nitalijenga mimi. Kweli niliacha shule kabla hatujafika sura ya pembe, lakini kipimapembe cha mwalimu niliondoka nacho, kwa hiyo ni kama nimesoma. Na nina mpango. Banda liko chini ya ukingo wa paa la nyumba, pale maji yote yanaposhukia. Ng'ambo ya ua ndiko Fundi anakofanyia kazi, kibanda chake hakina ukuta upande wetu. Na pale pale, karibu kabisa na ua, kasimamisha kabati la nguo analomtengenezea huyo mchumba wake mpya. Umenipata? Bati likiinama vizuri, maji ya nyumba nzima yanaruka ua na kumtembelea.

Swali ni moja: liiname kiasi gani? Wewe unakata sketi za mshazari kila siku. Niambie.

Mdogo wako, mtaalamu


Jumatano, 13 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, mgongo tu ndio unalalamika. Mwambie mama asifue kwa maji ya baridi, nitamtumia sweta.

Barua yako nimeisoma kwenye foleni ya chai, na aibu ikanifuata hadi huku. Lakini acha ujinga. Sitaki vita na mtu yule. Jenga paa la kawaida, Bi Mkubwa asilowe, basi. Nikikwambia ukweli, sina hamu ya kuuona ule ua tena, wala nyuso za wale waliocheka. Nikija likizo mwezi ujao, nitakuwa nimefuata watoto wa Bi Mkubwa tu. Nataka niwakute, niwashike mikononi. Ndicho kitu kimoja cha pale ambacho bado ni changu. Unanisikia?

Dada yako

Hilo kabati lina milango mingapi?


Jumatano, 20 Machi

Dada mpendwa, usiyetaka vita,

Shikamoo, na pole kwa mgongo. Sisi wazima wa afya.

Milango mitatu. Wa kati una kioo, na juu kachonga majani mawili yaliyogusana ncha. Umelitambua? Ni lile lile ulilolichora wewe nyuma ya kalenda, ukasema nguo zako upande huu na zake upande ule. Hakubadilisha hata jani. Mchumba mpya alikuja kulitazama, akalipapasa, akasema, "Mchoro umeutoa wapi, mpenzi?" Fundi akagonga kichwa chake kwa kidole. Kichwa chake! Nilikuwa juu ya ua nimeshikilia nyundo, nikasema Mungu nizuie nisiirushe.

Kazi yangu inakwenda vizuri kupita kiasi, ila imekataa. Nilipima kwa kipimapembe, nikakiweka ardhini, nikahesabu, nikapigilia. Nikamwaga ndoo ya maji juu kujaribu. Maji yakafikiri kidogo, kisha yakarudi yote kwangu. Nilipunguza mwinamo, yakatuama. Nikaongeza, yakaporomoka miguuni mwangu, hata ua hayakuugusa. Fundi akachungulia na penseli yake sikioni.

"Bwana mdogo, unaoga?"

"Najenga."

"Mimi nilidhani unaoga." Akawaita na vijana wake waje waone.

Dada, nisaidie. Huyu mtu anacheka na meno yote.

Mdogo wako, mbichi kama kitambaa cha kudekia


Jumatano, 27 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Mama hajambo? Mimi sijalala vizuri tangu niisome barua yako, na si kwa ajili ya mgongo.

Kichwa chake, eti.

Sikiliza na ufanye ninavyokwambia. Hicho kipimapembe kitupe. Unapima kutoka ardhini, na ardhi ya ule ua imeinama, ndiyo maana kila hesabu yako inakudanganya. Funga jiwe kwenye uzi, uning'inize kutoka pale bati linapoanzia. Jiwe likitulia, uzi huo ndio mstari wako wa wima, kama ninavyopima pindo la gauni. Kisha chukua karatasi yenye kona nzima. Kunja kona hiyo sehemu tatu zilizo sawa, kama marinda. Upande mmoja wa karatasi uufuate uzi. Bati lifuate mkunjo ulio mbali zaidi na uzi. Hapo maji yatapata mbio bila kuporomoka.

Upande wa nyumba uinue sana, karibu na ukingo. Kwenye ncha ya upande wa ua, pinda bati kwa juu, upana wa kidole, maji yaruke. Na weka mbao kingoni, kulia na kushoto, yasimwagike njiani.

Nataka kabati livimbe. Nataka milango ikatae kufunguka siku wakwe zake wanapokuja kuliona. Nataka yale majani mawili yabanduke.

Usimwambie mama.

Dada yako


Jumatano, 3 Aprili

Dada,

Salamu kwa kifupi, mikono ina lami. Limesimama! Nimemwaga ndoo moja tu, asubuhi Fundi hayupo, tone la kwanza likatua kwenye mguu wa kabati. Nilicheza peke yangu. Mbao nilizoweka akiba za kuziba pembeni pa banda ndizo nimezipigilia kingoni mwa bati, kama ulivyosema. Za kuziba nitatafuta nyingine. Bi Mkubwa kesharudi kwake, anajing'oa manyoya ya kifua kutandika kiota. Sasa bado mvua tu, na huyu bibi mvua ananiringia.

Mdogo wako, kiboko ya mafundi


Jumatano, 17 Aprili

Mdogo wangu,

Hamjambo? Mbona kimya? Shoga yangu mmoja katoka huko, anasema mvua ilipiga mpaka mitaro ikafurika. Na wewe, usiyejua kufunga mdomo hata ukila, huniandikii? Likizo yangu imekubaliwa, nakuja wiki ijayo. Niambie kuhusu kabati. Niambie kila kitu, usiruke hata tone.

Dada yako


Jumapili, 21 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Mama mzima, anakusubiri. Mimi nipo.

Unataka kabati, haya. Mvua ilianza alasiri, ikashuka kama imetumwa na wewe. Nilipanda juu ya ua, gunia kichwani. Maji yalitoka paa la nyumba, yakapiga bati langu, yakakimbia, yakafika kwenye ule mkunjo wa kidole, yakaruka. Dada, yaliruka! Kama mkanda wa kitambaa cheupe, juu ya ua, moja kwa moja kifuani mwa kabati. Fundi alikuwa kakwama mjini. Vijana wake walijaribu kulisogeza, limewazidi uzito. Gundi ikaachia. Jani moja likaanguka mbele ya macho yangu, nikalipigia makofi.

Wakwe walikuja Jumamosi iliyofuata. Mlango wa kati haukufunguka. Baba mkwe akavuta, Fundi akavuta, kitasa kikabaki mkononi mwa Fundi. Mchumba akasema, "Kwani kichwa chako hakikujua kwamba mbao hunywa maji?" Majirani wakacheka, wale wale. Safari hii walitazama mlango wake. Fundi aliangalia bati langu, akaangalia ule mwinamo. Kanielewa. Hajapiga mluzi tangu siku hiyo.

Ningeishia hapa, Dada. Barua hii nimeianza mara nyingi na kila mara nimeishia hapa, nikashindwa kuituma.

Nilikuwa nimeinua sana upande wa nyumba, na pembeni pakabaki wazi, pembetatu mbili kati ya kuta za banda na bati. Mbao za kuziba sikutafuta. Upepo uliingiza mvua huko kwa muda wote niliokuwa juu ya ua. Bi Mkubwa alikuwa amezaa, labda mchana ule, labda asubuhi; sikuwa nimemchungulia, nilikuwa natazama mawingu. Nilikwenda kesho yake na majani. Kiota kilikuwa kimelowa chote. Watoto walikuwa sita, wadogo kama vidole gumba. Nimewazika nyuma ya jiko. Yeye yu hai, yuko chini ya meza, hatafuni kitu.

Naye aliniita, Dada. Wakati kabati linalowa, nilimsikia chini yangu akipiga mguu kwenye sakafu ya banda, du, du, du, bila kuacha. Nilidhani anashangilia.

Mdogo wako