Piga Yote, Usiache Kitu

Ijumaa, baada ya Laasiri. Mvua ya masika imeshika tangu asubuhi, vichochoro vyote huku Mji Mkongwe vinapita maji. Nguo hazikauki. Sina raha.

Nna jambo limenikaa rohoni wiki ya pili hii. Nyumbani siwezi kulisema, basi nalisema hapa.

Kompyuta yetu iko sebuleni, juu ya meza ya cherehani ya mama. Kwa miaka ilikuwa ikinibembeleza: mfumo umepitwa na wakati, usasishe, kivinjari kimezeeka, ukisasishe. Chini yake vitufe viwili, Sasa na Baadaye. Mie kila siku Baadaye. Nnapika, baadaye. Bando linakwisha, baadaye. Umeme wenyewe wa kukatika katika, baadaye. Mwisho kidole kikawa kinabonyeza bila ya mie kusoma.

Na ndani ya kompyuta hiyo alikuwamo baba.

Yaani sauti yake. Mwaka wake wa mwisho nilimkalisha nikamrekodi kwa simu, hadithi kumi za utoto wake Makunduchi, kwa Kimakunduchi chake kile kile alichokuja nacho mjini. Simu ile ikaja kuharibika, sauti zikabaki kwenye kompyuta tu. Nakala? Ntafanya baadaye.

Kila Ijumaa tukishakula wali, mama huja na kikombe chake cha kahawa. "Hebu nitilie baba yako." Basi atakaa amsikilize. Yeye mtoto wa mjini, wa Shangani, maneno ya baba nusu hayaelewi, na baba alilijua hilo, alikuwa akimtania humo humo ndani ya hadithi. Mama humjibu. "Muongo wee!" humwambia, akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Mie hujifanya nakunja nguo, nami nasikiliza.

Wiki mbili nyuma kivinjari kikagoma. Kila ukurasa haufunguki, hata huu wa shajara yangu. Nikasema basi, leo nasasisha kila kitu, nimechoka kudharauliwa na mashine. Nikabonyeza Sasa. Ikaandika kwa herufi kubwa: usizime kompyuta. Nikaenda jikoni kukuna nazi.

Radi ikapiga.

Mama yangu ikipiga radi hana mchezo. Huchomoa kila kitu ukutani, kisha hufunika vioo vyote kwa kanga, kama alivyofunzwa na mama yake, maana wanasema radi hufuata kioo. Nilipotoka jikoni na mikono imejaa nazi, kabati la vyombo limeshafunikwa, saa ya ukutani imeshafunikwa, na kompyuta imechomolewa, imetandwa kanga.

"Mama! Hiyo ilikuwa inafanya kazi!"

"Kioo ni kioo, mwanangu. Na humo yumo baba yako."

Haikuwaka tena.

Asubuhi yake nikaibeba mpaka kwa fundi mmoja Darajani. Mtu mstaarabu, kanipa na kiti. Akaitazama, akaigongagonga, akasema, "Hii ni ya kupigwa windo tu, dada. Nipige juu kwa juu, au nipige yote?"

Lahaula! Mie windo nnalolijua ni mnyama anayewindwa. Kupiga windo nikadhani ndio huko kusasisha, kwa lugha ya mafundi. Na nimelelewa kwamba kazi ya nusu nusu ni aibu, ukifagia ufagie mpaka chini ya kitanda. Nikamjibu kwa sauti, watu wote dukani wanasikia: "Piga yote, usiache kitu."

Hakuacha kitu.

Niliporudi nayo nyumbani nikaiwasha, ikaja haraka sijawahi kuiona vile. Mfumo mpya, kivinjari kipya. Nikatafuta folda ya baba. Nikatafuta tena. Nikatoka mbio mpaka Darajani, buibui limerowa chapachapa. Fundi akashika kichwa. "Dada, si ulisema yote? Kupiga Windows yote ni kufuta kila kilichomo." Kweli nilisema. Na kwa wema wake, nafasi iliyobaki alikuwa ameshaijaza tamthilia za Kituruki, zawadi yangu.

Fundi wa pili, wa Michenzani, alikaa nayo siku tatu. Alichopata ni majina tu: baba 1, baba 2, mpaka baba 10. Ukifungua, hamna kitu. Akaniambia nisiipeleke kwengine, ntajichosha bure. Nilimshukuru, nikalia njia nzima, na mvua ikanisitiri.

Ningeweza kusema ni kanga ya mama. Ningeweza kusema ni fundi. Lakini mchuma janga hula na wa kwao, na mchumaji ni mie. Ningesasisha siku ile ya mwanzo, kwenye jua, isingefika huko. Ningetia nakala mahala, hata kwenye simu ya jirani. Nilikuwa na miaka mizima ya kufanya kazi ya nusu saa.

Ijumaa iliyopita nilimwambia mama kompyuta iko kwa fundi. Leo ipo mezani, na ameiona. Tumekula wali, akaja na kahawa yake, akavuta kiti.

"Hebu nitilie baba yako."

Nikafungua mdomo nimwambie. Naapa kwa jina la Mwenyezi Mungu, nilitaka kumwambia.

"Baadaye, mama."

"Haya, baadaye inshallah," akasema. Akainywa kahawa yake pale pale, mbele ya kioo cheusi, asiondoke.

Haya naandika kwa simu. Kumeanza kunguruma, na mama ameshachomoa kompyuta. Kaingia chumbani akatoka na kanga yake ya sanduku, ile ya kutokea, hakutaka hizi za jikoni. Anaifunika taratibu, anaipachika ncha zake nyuma isipeperuke, na anamsemesha.

"Tulia humo, mume wangu. Inapita hii."

Nami nimemshikia ncha moja.