Surua Iliyopita Kinyozini Kwangu

Chumba cha nyuma, kinyozini,
Jumapili asubuhi, tarehe 17.

Mpendwa dada yangu,

Kwanza nakujulia hali. Mgongo unaendeleaje? Na shemeji, bado anakoroma mpaka majirani wanagonga ukuta? Natumaini mpwa wangu amepata nguvu tangu ajifungue, na mjukuu wako ananyonya vizuri. Sisi huku tunapumua. Wifi yako ni mzima, ingawa siku hizi haongei nami sana, na sasa hivi utajua kwa nini.

Najua umeshangaa kupata barua wakati simu ninayo. Ila najijua, dada. Ungepokea tu ningekutania, ungecheka, nami ningekata bila kusema la maana.

Pilipili, binti yangu wa mwisho, aliugua surua. Alianza na homa na kikohozi, macho mekundu, makamasi yanamtiririka. Wifi yako akasema, "Haya si mafua. Tumpeleke zahanati." Nikamwambia aache woga. Yeye alikuwa anawahi kazini, basi nikaenda na mtoto kinyozini na kumlaza kwenye benchi la wateja mpaka mama yake alipokuja kumchukua. Kesho yake vipele vikatoka, vikaanzia nyuma ya masikio, vikashuka usoni hadi tumboni.

Hakuwa amechanjwa hata mara moja. Chanjo ilikuwepo, tena bila jasho: wahudumu wa afya walipita nyumba kwa nyumba. Walipobisha kwetu niliwaambia mtoto amelala, naye alikuwa nyuma ya mlango anaimba kwa sauti ya juu. Walimsikia. Waliniangalia tu, wakaaga. Kisa hicho nilikisimulia kinyozini kama kichekesho, na wateja wakacheka. Pengine walicheka kwa sababu nilikuwa nimeshika wembe.

Pilipili alipona. Alikonda, lakini alipona, na mambo yangeishia hapo ningemshukuru Mungu na kunyamaza.

Sasa sikia. Siku ile ile niliyomlaza Pilipili kwenye benchi, alipokwisha kuondoka, aliingia mke wa seremala, jirani yetu, kumleta mwanawe mkubwa nimnyoe. Mgongoni alibeba kitoto cha kike cha miezi saba. Akakaa kwenye benchi lile lile, akampakata, tukapiga soga. Kitoto kile na Pilipili hawakuonana hata kwa mbali.

Kitoto kile kikashikwa na surua, kisha nimonia, kikalazwa. Haukupita muda akaja afisa afya, mama mmoja mpole, kuuliza ni nani waliokuwa kinyozini siku hiyo. Nikaruka juu: "Lakini wangu alikuwa ameshaondoka!"

"Surua haiondoki na mgonjwa," akasema. "Inabaki hewani hata kwa saa mbili, hasa chumba kama hiki kisicho na dirisha."

Hapo ndipo nilipofanya jambo linalonichoma kuliko yote. Nilimuuliza, "Basi mbona wao hawakumchanja wa kwao?"

Hakunikaripia. Alisema, "Huku chanjo ya surua tunaanza kuwapa wakifika miezi tisa. Huyu ana saba. Wa umri wake tunawakinga kwa kuwachanja ninyi mnaowazunguka."

Nilitamani ardhi inimeze. Nilikuwa natafuta wa kumtupia lawama, nikampata mtoto ambaye hata kukaa bado anategemezwa.

Nilikwenda hospitali. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nikamkuta seremala ameketi ukumbini, bado ana vumbi la mbao kwenye nyusi. Nikaanza, "Ndugu yangu, nimekuja..." Akainua mkono. "Punguza sauti. Ndiyo kwanza kamelala." Nikakaa kando yake. Hakunifukuza, wala hakunitazama. Tulisikiliza pumzi ya mtoto kupitia mlango uliokuwa wazi, inakwaruza kama msumeno butu, na kila iliposita, nami nilisita.

Mtoto amerudi nyumbani. Yuko hai, dada, na nimonia imekwisha. Ila surua ilimwingia machoni. Jicho la kulia limefunga utando mweupe, na daktari amewaambia kwamba kwa jicho hilo atatambua mwanga tu, basi. Mama yake nikimsalimu ananiitikia, kwa kuwa amelelewa vizuri, lakini hasimami. Heri angenitukana mbele za watu.

Nimempeleka Pilipili zahanati, na chanjo zote alizokosa zinafuatiliwa. Kinyozini nimetoboa dirisha. Mteja akiniomba kile kisa cha mtoto aliyekuwa anaimba, namsimulia mpaka mwisho, hadi kwenye jicho. Wengine wanainuka na kwenda kunyolewa kwingine. Wengine, nasikia, wamewapeleka watoto zahanati.

Nimefika kwenye sababu ya barua hii. Mpwa wangu alipojifungua alinipigia, akaniuliza ampeleke mtoto chanjo au asubiri kidogo. Nilimjibu, "Achana nao. Wangu hajaguswa na sindano na ana nguvu kama punda." Akacheka, tukaagana. Sijui kama alinifuata. Nimeogopa kumuuliza, ndiyo maana nakuandikia wewe.

Msomee barua hii bila kuruka hata mstari, hata pale ninapoaibika. Mwambie mjomba wake hakukosea kwa kutojua. Nilijua wapo wanaojua kuliko mimi, nikapenda zaidi kuchekesha. Kama kuna chanjo imempita mjukuu wako, wasingoje mtoto akue, wasingoje mtu augue mtaani. Waende hata kesho, na homa ndogo ya baada ya sindano isiwatishe kama ilivyonitisha mimi kwa kifungua mimba wangu, hata nikamnyima Pilipili chanjo.

Nisalimie shemeji, mama mkwe wako, na wapwa wote wakubwa kwa wadogo. Wifi yako anakusalimu. Hilo alilisema mwenyewe. Mungu awafunike wote, na mjukuu wetu amlinde macho yake yote mawili.

Sihitaji jibu refu. Nitumieni neno moja tu: kachanjwa.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na kukuonea haya,

Kinyozi.