Muchoro ya Chini ya Kitunga

Siku ya kwanza, 8 mai 2023
Leo Directeur Isidore alinipeleka mu classe ya sita, hapa Ntoto. Alisema: batoto, huyu njo Papa Élie, atabafundisha dessin na travail manuel, kuchora na kazi ya mikono. Kabla ya ile aliniuliza kama niko na diplome. Nilimuonyesha mikono. Alicheka — akanipa craie, chaki ya kuandikia.
Programme inasema bachore pot ya maua, ile chungu ya kupandia. Pot ya maua! Nani iko nayo huku? Nilibapeleka ku mutoni kukata makekele, zile kamba za pori. Muchoro ya kweli inakaa mu vidole. Toka hapa mpaka Mubi hakuna muntu wa kunipita kwa kusuka. Bote banajua.

Siku ya tatu, 10 mai
Nilileta kitunga yangu ya zamani, batoto baone kazi. Niliisuka ningali kijana. Ukitia maji ndani, haitoke! Nilibaambia: mimi sijafumuaka kazi yangu hata siku moja. Kazi mubaya njo banafumua. Kazi ya muzuri inabakia. Naomie, binti ya Mama Généreuse mwenye kuuzisha samaki ku Mubi, aliuliza: na ukikosea je, Papa? Nilijibu: mimi sikoseake.
Nilisahau kitunga mu classe. Haina shida.

Siku ya kwanza, 15 mai
Mvua. Bavulana banasuka kama vile banafunga mbuzi. Naomie anasuka vizuri. Nilimuambia iko sawa. Sikumuambia zaidi, kichwa itamuvimba.

Siku ya ine, 18 mai
Naomie alileta mukeka yake. Niliangalia. Nilikaa chini.
Katikati iko ile muchoro. Jina yake siiandike hata hapa. Banaume banaipataka kule mu pori, siku bazee banabaingiza mu desturi. Mwanamuke haruhusiwe hata kuiona. Mimi niliipata siku moja na Sébastien, tuko rika moja. Sasa yeye njo mukubwa wa bazee. Akiona hii ataichoma, na mimi sitakaa tena na bazee hata siku ya kilio.
Nilimuuliza mutoto: nani alikuonyesha?
— Kitunga yako, Papa. Niliipindua.
Kweli. Ile muchoro niliisukia chini, pale kitunga inakaa ku udongo, muntu asione. Kosa haiko yangu! Tangu lini muntu anaangalia matako ya kitunga?
Nilisema: fumua.
— Iko mubaya?
Nilisema hapana.
— Basi, Papa, wewe njo ulisema kazi ya muzuri inabakia.
Ukaidi ya huyu mutoto! Sijui anaitoa wapi.

Siku ya kwanza, 22 mai
Imezidi. Nilifika, nikakuta muchoro ku tableau, ule ubao wa classe, mukubwa kama mulango. Naomie aliichora na craie, ndani ya vikare vya pembe ine, kila kare kamba moja. Classe yote inaisuka! Mutoto mumoja aliniuliza: Papa Élie, hapa kamba inapita juu ao chini? Nilimuambia chini. Juu ni makosa, na mimi sivumilie kazi mubaya.
Kisha nilifuta tableau. Mikeka yote nilifungia mu armoire, kabati ya classe, nikasema inakauka. Ya Naomie hapana, alikimbia nayo.
Siku ya posho, ile ya sita, Directeur anaita bazazi baone kazi. Na Sébastien pia. Ikienda vizuri, classe ni yangu mwaka kesho. Mama ya Naomie atatoka Mubi na pikipiki. Hajaonaka kazi ya binti yake hata moja.

Siku ya tano, 26 mai
Naomie alitundika mukeka ku ukuta, yeye mwenyewe. Niliitoa. Alirudisha. Niliitoa tena. Alirudisha, mara hii na musumari.

Siku ya posho, 27 mai
Niko mu classe. Nimekaa ku kiti mbele ya mukeka, mugongo yangu inafunika muchoro. Naandika ili baone niko na kazi. Directeur anafikiri ni points za batoto.
Sébastien alifika na fimbo yake. — Élie! Hausimame kunisalimia?
Nilimuambia miguu inauma.
— Wewe? Uliyesema utaenda Mubi kwa miguu na kurudi siku ileile!
Bantu balicheka. Sébastien haendi. Amesimama hapa tu.
Mama Généreuse naye amefika, vumbi ya njia ku kitambaa ya kichwa. Anauliza: kazi ya mutoto wangu iko wapi? Directeur ananionyesha na kidole.
Sasa bote bananiangalia.
Miguu yangu haiumi. Haijaumaka hata siku moja. Na hii mukeka — hakuna muzee hapa angeisuka hivi, hata Sébastien. Ni mimi nilifundisha ule mutoto.
Naomie amekuja karibu. Amenyoosha mukono, kama vile banainuaka muzee. Yangu iko na kalamu. Anangojea niiweke chini.